Kiboko, kobe na neno "uaminifu"

Desemba 2004, baada ya tsunami kufika pwani ya Kenya, mtoto wa kiboko alionekana amekwama kwenye mwamba wa matumbawe karibu na Malindi. Watu wakamnasa kwa nyavu, akapelekwa kwenye hifadhi ya wanyama ya Haller Park, Mombasa. Alipofunguliwa tu alimkimbilia kobe mkubwa wa Aldabra, visiwa vya Shelisheli, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi, akajibanza nyuma yake. Kobe akamfokea, akajiburuta kando. Mtoto akamfuata. Siku chache baadaye walikuwa wanalala pamoja. Owen, ndiye kiboko, na Mzee, ndiye kobe, wakatungiwa kitabu cha watoto kilichochapwa 2006, na sisi wakubwa tukawafanya mfano wa urafiki na uaminifu.

Wapo wasiokubali. Ndama wa kiboko humwandama mama, wanasema, na aliyempoteza atashika chochote chenye mgongo wa mviringo wa kijivu. Tena kobe angekwenda wapi ndani ya uzio? Hoja nzito hiyo. Lakini Owen alizoea kumng'atang'ata Mzee miguu ya nyuma ili aelekee anakotaka yeye, na Mzee, ambaye hakuwa na sifa ya ukarimu, akawa anaenda. Silika ya kutafuta mama inamweleza Owen. Haimwelezi Mzee.

Basi "urafiki" naukubali. "Uaminifu" ndio unaonikwama kooni, maana hauonekani mpaka pawe na kishawishi. Waswahili wa pwani hiyohiyo walilijua hilo. Katika hadithi ya Kima na Papa, kima yuko juu ya mkuyu anamrushia mwenzake matunda siku nenda siku rudi, usuhuba umenoga, hadi sultani wa akina papa anapougua na dawa ikawa moyo wa kima. Papa anaanguka mtihani palepale, anambeba kima baharini. Kima anaponea uongo: moyo wangu nimeuacha mtini. Owen na Mzee hawakuwahi kufikishwa hapo, chakula waliletewa.

Kilichokaribia kuwa mtihani kilikuja baada ya kitabu. Owen alizidi kukua, na michezo yake ikawa hatari kwa Mzee. Mwaka 2007 akahamishiwa kwa kiboko jike, Cleo. Hakuna aliyemsaliti mwenzake, mwili tu ulikua. Ningependa mtoto asomewe na hilo pia. Watakuwepo wa kusema unamharibia usingizi, lakini mtoto ambaye rafiki yake alihama shule muhula uliopita ameshaufikia ukurasa huo peke yake.