Ruta inapofungua mlango bila kukuuliza

Ingia kwenye mipangilio ya ruta yako, utafute palipoandikwa UPnP, yaani utaratibu unaoruhusu programu za ndani ya nyumba kuiomba ruta izifungulie mlango. Mlango hapa ni namba ambayo mawasiliano kutoka nje hupitia kufikia programu fulani. Katika ruta nyingi za nyumbani utakuta imewashwa, na si wewe uliyeiwasha. Mtengenezaji akiwa muungwana, chini yake pana jedwali la milango iliyofunguliwa: namba ya mlango, anwani ya kifaa cha ndani, na jina la programu iliyoomba. Ruta nyingine hufungua milango ileile bila kuonyesha jedwali lolote.

Tuanze na sababu ya haya yote. Ruta hupewa anwani moja ya intaneti, kisha vifaa vyote vya nyumba huitumia kwa pamoja kupitia utaratibu uitwao NAT. Simu yako ikianzisha mazungumzo na seva ya nje, ruta huweka kumbukumbu, na jibu likirudi hujua ni la nani. Mgeni akibisha bila kuitwa, ruta haijui ampeleke kwa nani, kwa hiyo humwacha hukohuko nje. NAT ilikuja kama dawa ya uhaba wa anwani. Ulinzi tunaoupata humo ni wa bahati tu.

Shida ni kwamba kuna wageni tunaowahitaji. Anayeandaa mchezo wa mtandaoni kwa ajili ya wenzake lazima wenzake waweze kumfikia, na programu za kubadilishana faili moja kwa moja ni hivyohivyo. UPnP ndiyo iliyopewa kazi hiyo kwenye ruta tangu mwaka 2001. Programu huuliza ndani ya mtandao wa nyumbani ruta ni nani, kwa kutuma ujumbe kwenye anwani 239.255.255.250, mlango 1900. Ruta huitika, programu huomba mlango, ruta hufungua. Haiulizwi nywila, na mwenye nyumba hapati hata taarifa.

Wanaotaka izimwe kabisa wana ushahidi mzito. Mwezi Januari 2013 kampuni ya usalama ya Rapid7 ilitangaza kwamba zaidi ya anwani milioni 80 zilikuwa zikiitika wito wa UPnP uliotoka intaneti, ilhali wito huo haukupaswa kusikilizwa nje ya nyumba. Mwaka 2018 Akamai, kampuni ya huduma za intaneti, ilieleza jinsi wavamizi walivyoingiza maagizo yao kwenye majedwali ya ruta za watu ili kupitishia humo mawasiliano yao na kuficha walikotoka. Baadaye mwaka huohuo kampuni hiyo ilikuta makumi ya maelfu ya ruta zimeamriwa kufungua milango 139 na 445, ile ambayo Windows huitumia kushirikisha faili.

Hata hivyo, matukio hayo yanapotajwa huchanganywa mambo mawili. Ruta inayopokea maagizo kutoka nje ni ruta mbovu. Ni mlinzi anayemtii kila mpita njia. Kosa hilo ni la aliyeitengeneza, na halithibitishi kwamba kupokea maombi ya walio ndani nako ni kosa.

Hoja nyingine isemwayo sana ni kwamba programu hasidi ikishaingia kwenye kompyuta yako itajifungulia mlango. Ni kweli inaweza, lakini naiona dhaifu kuliko inavyopigiwa debe. Programu hiyo haina haja ya mlango wa kuingilia, kwa kuwa inaweza kuanzisha yenyewe mazungumzo kwenda kwa bwana wake, nayo NAT itairuhusu kama inavyoruhusu kivinjari. Ukizima UPnP utaipunguzia njia moja tu kati ya nyingi.

Hatari ninayoihofia zaidi hutoka kwa kifaa chenye nia njema na uzembe mwingi. Kamera ya ulinzi huomba mlango ili uweze kuitazama kwa simu ukiwa safarini. Nyuma ya mlango huo kuna ukurasa wa kuingilia wenye nywila ya kiwandani, na programu ambayo haijasasishwa tangu kamera ilipotoka kwenye boksi. Haikudukuliwa, na kila hatua imekwenda kama ilivyopangwa, isipokuwa mwenye kamera hajui kwamba ukurasa ule sasa unafikiwa na yeyote mwenye intaneti. Kwa nyumba yenye vifaa vya namna hiyo, ushauri wa kuzima una uzito.

Lakini fuatilia kinachotokea baada ya kuzima. Mchezo unagoma, mtu anasoma maelekezo mahali fulani, anafungua mlango kwa mkono. Mlango wa mkono haufungwi mchezo ukiisha. Tena umeelekezwa kwenye anwani ya ndani, na kama anwani hiyo haikufungiwa kifaa kimoja, kesho ruta inaweza kuigawa kwa kifaa kingine. Akichoka kabisa anaweka kompyuta nzima kwenye DMZ, yaani wageni wote wapelekwe kwake. Huyo alikuwa salama zaidi na UPnP.

Njia ya katikati ipo tangu 2010, katika toleo la pili la kanuni hizi za ruta. Toleo la kwanza liliruhusu mlango usio na kikomo cha muda. La pili linaweka ukomo wa sekunde 604,800, yaani wiki moja, baada ya hapo kifaa kiombe upya. Pia linashauri kwamba asiyejitambulisha aombe kwa ajili ya anwani yake tu, na asiguse milango iliyo chini ya 1024. Kwangu mimi hayo yangetosha kuiacha ikiwa imewashwa, mradi jedwali lionekane. Mtengenezaji asiyeweka hata jedwali ningemlaumu kabla ya kumlaumu mtumiaji.

Kwa wengine mjadala huu ni wa bure. Ikiwa anwani ya nje ya ruta yako inaanza na 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma wako naye ana NAT yake juu yako. Ruta itafungua mlango kwa utiifu, na mgeni ataendelea kukwama huko juu.

Ukilipata jedwali, usiamini safu ya majina. Jina hilo huandikwa na mwombaji mwenyewe, na ruta hailihakiki. Kamera inaweza kujiita mchezo. Soma anwani ya ndani, kisha utafute ni kifaa gani kinachoitumia.