Ukishaichoma, Huichomoi

Kidonge kina huruma yake. Ukikimeza asubuhi kikakuvuruga tumbo, jioni humezi kingine, na keshokutwa mwili umeshakisahau. Sindano ya wiki ya kupunguza uzito haina huruma hiyo. Semaglutidi, ile inayouzwa kwa jina la Wegovy kwa ajili ya uzito na Ozempic kwa ajili ya kisukari, huchukua kama wiki nzima kupungua nusu tu mwilini. Nusu iliyobaki nayo inataka wiki nyingine ili ipungue nusu yake. Mpaka iishe, zimepita wiki tano hivi. Tirzepatidi, yaani Mounjaro na Zepbound, inakwenda kasi kidogo, siku tano badala ya saba, ila mchezo ni uleule. Ukishaichoma, huichomoi. Ulinzi wote unakaa kabla ya sindano kugusa ngozi.

Nasema hivi kwa sababu maneno mengi ninayoyasikia kuhusu dawa hizi ni ubishi wa kama kuzitumia ni uvivu au si uvivu. Ubishi huo umenichosha. Unene uliokithiri ni ugonjwa, una dawa, na mtu aliyeandikiwa dawa na daktari haombi radhi kwa yeyote. Natumia mwenyewe, na sijifichi. Kinachonikera ni kwamba tukiwa tunagombania uvivu, hakuna anayemkalisha chini mtu aliyenunua kichupa kwa mtu asiyemjua, akamwonyesha jinsi ya kusoma mistari ya bomba la sindano.

Hapo ndipo watu wanapoumia. Mwezi Julai 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu semaglutidi ya kuchanganywa, yaani inayotayarishwa na maduka ya dawa badala ya kiwanda chake, inayouzwa kwenye vichupa. Kuna waliojichoma mara 5 hadi mara 20 ya dozi waliyokusudia, na wengine waliishia kulazwa. Hawakuwa wajinga. Hesabu yenyewe ni mtego. Daktari anaandika miligramu, kichupa kimeandikwa miligramu kwa mililita, na bomba la insulini lina yuniti, 100 kwa kila mililita. Chukua kichupa chenye miligramu 5 kwa mililita: dozi ya kuanzia, miligramu 0.25, ni yuniti 5 tu, tone ambalo hata macho hayaamini. Kichupa cha jirani yako kina miligramu 2.5 kwa mililita, kwa hiyo yeye anavuta yuniti 10, na anakwambia kwa nia njema kabisa, "Vuta kumi, mimi navuta kumi." Ukimsikiliza umejichoma mara mbili ya dozi yako. Mkono ukiteleza ukavuta 50, hiyo ni mara kumi, na utakaa nayo wiki kadhaa.

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu vichupa vya mitandaoni ni mkali: sivitaki. Kalamu ya sindano kutoka kwa mfamasia aliyesajiliwa, yenye dozi iliyopimwa kiwandani, imekuondolea hesabu yote hiyo. Na hata kalamu, angalia boksi. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu semaglutidi bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Dawa bandia huweza kuwa na kitu kingine ndani, hata insulini, na insulini kwa mtu ambaye sukari yake ni ya kawaida inaweza kumwangusha kabla hajamaliza kushangaa.

Mtego wa pili ni wetu wenyewe, na nao umenikamata kwa muda. Wegovy hupanda kwa ngazi: miligramu 0.25 kwa wiki nne, kisha 0.5, kisha 1, kisha 1.7, hadi 2.4, kila ngazi wiki nne. Ngazi ya kwanza haikuwekwa kwa ajili ya mizani. Imewekwa tumbo lizoee. Hilo nililisoma kwenye karatasi ya ndani ya boksi, nikalielewa, na bado wiki ya tatu nilisimama juu ya mizani, namba haijasogea, nikaanza kufikiria kuruka ngazi. Nikampigia mfamasia. Aliniuliza swali moja: "Dozi ya wiki ya kwanza unadhani imekwenda wapi?" Nikanyamaza. Haikuwa imekwenda popote. Ya pili ilikuwa imekaa juu ya mabaki yake, na ya tatu juu ya zote mbili. Dawa hujijenga mwilini kwa wiki nne au tano ndipo itulie kwenye kiwango chake, kwa hiyo unayeona wiki ya pili kwamba dozi ni dhaifu unaipima dawa ambayo bado inaingia.

Ukisahau, usichome mbili kwa pamoja kufidia. Kwa Wegovy, kama zimebaki zaidi ya siku mbili kufika siku yako, choma. Zikiwa pungufu, iache ipite. Tirzepatidi inaruhusu ndani ya siku nne. Ukiruka wiki mbili au zaidi mfululizo, muulize daktari kama urudi chini, maana tumbo lililosahau dawa hupokea dozi kubwa kama mgeni.

Kichefuchefu kitakuja, sitakudanganya. Katika utafiti mkubwa wa semaglutidi wa STEP 1, wenye washiriki 1,961 na wiki 68, watu 44 kati ya 100 walikipata; kwa waliochomwa sindano isiyo na dawa walikuwa 17. Kula kidogo kidogo, acha mafuta mengi, simama kula pale unaposhiba hata kama sahani haijaisha. Choo kigumu nacho kina ubishi wake, dawa yake ni maji na nyuzinyuzi. Haya yanavumilika.

Kuna yasiyovumiliwa. Maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, hasa yakipenya hadi mgongoni, huenda ni kongosho limevimba. Maumivu upande wa kulia chini ya mbavu pamoja na homa au macho ya njano, huenda ni nyongo. Kutapika hadi maji yenyewe hayakai, figo ziko hatarini. Hapo unakwenda hospitali usiku huohuo na unataja jina la dawa na siku uliyochoma mara ya mwisho. Usiseme "nilishaacha juzi." Umeacha wewe, dawa bado imo mwilini.

Ucheleweshaji huohuo wa dawa kutoka mwilini ndio sababu mwanamke anayepanga kubeba mimba huambiwa aache semaglutidi angalau miezi miwili kabla. Anayetumia tirzepatidi pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango aongeze kinga nyingine kwa wiki nne baada ya kuanza na baada ya kila kupanda dozi, kwa sababu vidonge vile hufyonzwa vibaya. Anayekwenda kupasuliwa amwambie mtoa dawa ya usingizi, kwani chakula huchelewa tumboni hata ukiwa umefunga. Mwenye insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi apangiwe upya, sukari isishuke mno. Na kama ukoo wenu una historia ya saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula, dawa hii si yako. Hofu hiyo ilianzia kwa panya, kwa binadamu haijathibitika, lakini hakuna daktari makini atakayekujaribia.

Kuna swali ambalo naona watu hawalipeleki kwa daktari: nitaacha vipi? Washiriki wa STEP 1 waliochomwa semaglutidi walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha kama theluthi mbili ya walichopoteza. Mimi naona ni haki yako kujua hilo kabla ya sindano ya kwanza, ili uamue kama unaingia kwenye dawa ya miezi au ya miaka. Na humo ndani, kilo zinazoondoka hubeba na misuli. Nanyanyua vitu vizito mara tatu kwa wiki na kuanza mlo na protini kabla hamu haijakata, na siku nyingine inakata mapema sana.

Jana ilikuwa Alhamisi yangu ya kumi na moja. Nilitoa kalamu kwenye friji, si karibu na barafu, kwa sababu ikiganda hutupwa hata ikiyeyuka. Nikaiacha dakika chache ipoteze ubaridi, nikaangalia dawa ni angavu, nikabandika sindano mpya. Tumbo, kushoto, mbali na kitovu. Nikabonyeza hadi namba ikarudi sifuri, nikahesabu taratibu hadi sita bila kuinua kidole. Miligramu 1, bado. Juu ya boksi nikaandika tarehe, na pembeni yake: wiki ijayo paja la kulia.