Viza Ninayo, Kuingia Bado

Jamani, hivi viza tunalipia nini? Mimi nilidhani ukishabandikiwa ile stika kwenye pasipoti basi yamekwisha, unashuka kwenye ndege na kuingia nchi ya watu kifua mbele. Kumbe nimenunua ruhusa ya kupiga hodi tu! Kukaribishwa ni juu ya afisa wa dirishani, naye hana haraka.

Kinachoniudhi ni kwamba wananijua. Shirika la ndege limeshawatumia jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti kabla sijatua. Ile mistari miwili chini ya picha, alama 44 kila mmoja pamoja na vile vimshale, mashine imeisoma mara moja. Haya, vidole kwenye kioo. Vikagoma. "Bonyeza." Nikabonyeza. "Futa jasho." Baba wee, jasho lenyewe kalileta nani? Kamera nayo inataka nivue miwani na nisicheke. Nicheke na nini, na usiku kucha nimebanwa kiti cha katikati?

Ndipo bwana mkubwa akainua macho: "Umekuja kufanya nini?" Kutembea. "Unafikia wapi? Unarudi lini? Unafanya kazi gani? Nani anakulipia?" Majibu yote anayo kwenye makaratasi, anasubiri tu mdomo wangu upishane nayo. Hata siku ya posa sikuhojiwa vile.

Na hakuna jibu salama. Ukieleza kwa kirefu, unashukiwa. Ukijibu kwa mkato, una kiburi, nawe unashukiwa. Hela kidogo, utakula nini? Hela nyingi taslimu, umezitoa wapi? Na ole wako useme "naipenda sana nchi yenu". Hapo umeshatangaza kwamba huondoki! Mgeni wanayemtaka ni yule aliyekuja mwili, roho kaiacha kwao, na tiketi ya kurudi mkononi.

Kuna jamaa nilishuka naye ndege moja, pasipoti yake ya nchi kubwa. Yeye kaenda kwenye geti la mashine, kaweka pasipoti, kaitazama kamera, mlango huo ukafunguka. Hata "habari ya safari" hakuulizwa. Mimi nikapelekwa chumba cha pembeni, simu marufuku, tukakaa tunatazamana na wenzangu kama tumeiba kitu.

Baada ya muda akaingia afisa mwingine. Pasipoti yangu kaishika, kaifungua ukurasa wa picha, akanitazama, akaitazama, akanitazama tena.

"Haya, unaitwa nani?"