Albamu Inayotajwa na Kila Mtu

Wakusanye wapenzi wa jazi, waombe wataje albamu wanazozipenda, na Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis haitachelewa kutajwa. Haitachelewa pia ile guno ya pembeni: "Hiyo tena?" Kwa mwenye kuguna, anayeitaja albamu hiyo ni mgeni aliyeishia sebuleni, akadhani ameiona nyumba nzima.

Wanaoguna wana hoja. Majina yaleyale yakizunguka kila siku, mengine hufunikwa. Mpiga piano Sonny Clark alifariki mwaka 1963 akiwa na miaka 31 tu, na albamu yake Cool Struttin' ilipata wapenzi wengi Japani kuliko kwao Marekani. Hank Mobley naye alipiga saksafoni aina ya tenor kwa ulaini ambao wengi hawakuupa uzito, kwa kuwa masikio yalikuwa kwa John Coltrane, mpigaji mwingine wa ala hiyohiyo. Bila watu wasumbufu wanaokataa orodha za kawaida, wanamuziki kama hawa wangebaki majina nyuma ya makasha ya santuri. Hilo silipingi.

Kinachonikwaza ni ile kauli yao nyingine: "Hiyo tunaijua."

Tunaijua kweli? Kind of Blue ilirekodiwa New York kwa siku mbili, Machi 2 na Aprili 22, 1959. Siku ya kwanza mashine ya kurekodia ilikuwa ikizunguka polepole kidogo. Mkanda ulipokuja kuchezwa kwa kasi ya kawaida, muziki ukatoka umekimbia na sauti imepanda kwa kiasi kisichofika nusu toni. Nyimbo zote tatu za upande wa kwanza zikaingia sokoni hivyo. Marekebisho yalikuja mwaka 1992, yakitokana na mkanda wa akiba uliorekodiwa kwa kasi sahihi. Piga hesabu: miaka 33. Watu waliisikiliza mpaka santuri zikakwaruzika, wakabishana juu yake, wakaisifu kwa maandishi, na upande wa kwanza haukuwa vile ulivyopigwa studio. Aliyechukua tarumbeta yake ajifunze So What, wimbo wa kwanza wa albamu, kwa kuifuatisha santuri alijikuta haendani nayo. Najiuliza ni wangapi waliohangaika kurekebisha ala zao, au kulaumu masikio yao, kumbe mwenye kosa ni mashine. Kila ninaposikia kwamba albamu hii haina jipya, nairudia hesabu hiyo.

Halafu kuna suala la mazungumzo yenyewe. Ukinitajia santuri adimu ambayo sijawahi kuisikia, nitaitikia kwa adabu na kuandika jina lake. Baada ya hapo tutaongelea nini? Mara nyingi huwa ni toleo la mwaka gani, kasha lina hali gani, uliipataje. Muziki unakaa kimya. Albamu tuliyoisikia sote ndiyo inayoturuhusu kubishana kuhusu noti moja.

Rafiki yangu mmoja, mgeni kabisa katika jazi, aliniuliza swali baada ya kuisikiliza Kind of Blue mara mbili: "Mbona kwenye wimbo wa pili piano inacheka?" Hakujua jina la mpigaji hata mmoja. Mimi nilijua kwa miaka kwamba kwenye Freddie Freeloader, na huo tu, aliyekaa kwenye piano ni Wynton Kelly badala ya Bill Evans. Nilikuwa nimelisoma kwenye kasha. Kulisikia, hapana. Tuliurudia pamoja: Kelly anaudokoa ule bluzi kwa furaha, vidole vikirukaruka, Evans kwenye wimbo unaofuata anaacha nafasi kubwa, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu.

Kama rafiki yangu angeitaja tu albamu na kunyamaza, wanaoguna wangekuwa na haki yao. Jina peke yake ni salamu tu, liwe maarufu au adimu. Lakini yeye aling'ang'ania ile piano. Akataka kujua Kelly alipiga wapi kwingine, akafuata jina hilo kasha hadi kasha. Wiki chache baadaye alikuja na albamu ya mwaka 1960, Kelly akiwa kwenye piano, Paul Chambers kwenye besi, Art Blakey kwenye drams. Ilikuwa Soul Station, ya Hank Mobley.