Linki zote kijani, fomu hakuna

Hongereni kwa tovuti mpya, ninyi wenye fomu za wafuga nyuki. Rangi zimetulia, picha za viongozi zinapishana zenyewe pale juu, na fundi wenu ametamba mtandaoni kwamba programu imekagua linki zote na haikukuta hata moja iliyokufa. Kijani mwanzo mwisho.

Wiki hii mzee mmoja mfugaji nyuki kaja hapa steshenari kwangu, Tabora mjini, akitokea Sikonge, mkononi ana kipeperushi chenu cha zamani. Chini kimechapwa anuani ya peji yenye fomu. "Mwanangu, nitolee hii karatasi." Nikaiandika herufi kwa herufi. Ukafunguka ukurasa wa mbele. Viongozi. Nikarudia. Viongozi tena. Mzee akainama kwenye kioo, akauliza, "Sasa huyu ndiye anayegawa fomu?"

Tuelewane: sina ugomvi na programu za kukagua linki. Unaipa anuani ya tovuti, inasoma peji, inaokota kila linki, inabisha hodi na kusubiri namba ya jibu. 200, peji ipo. 301, imehama, fuata huku. 404, haipo. 410, imeondolewa kwa makusudi. W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, wanayo yao ya bure miaka nenda rudi, na LinkChecker iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python nayo haidai senti. Iwashe usiku, asubuhi orodha iko mezani. Mwenye tovuti anayesema hana muda wa hilo, hana nia.

Ninachokilaani ni ujanja wa kuinyamazisha. Badala ya kurekebisha linki moja moja, fundi kaandika mstari mmoja kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti: chochote kisichopatikana, peleka ukurasa wa mbele. Programu inabisha, inaelekezwa sebuleni, inapokewa kwa 200, inaandika "salama" na kwenda zake. Inasoma namba tu. Haijui kwamba uliomba fomu ukapewa picha. Ni sawa na ukate tiketi ya Mpanda, treni ifike Kaliua, pale reli zinapoachana, badala ya kukunja kushoto igeuze ikurudishe Dar es Salaam, halafu kwenye kitabu waandike: abiria amefika. Na wala ujanja wenyewe hauna faida, maana Google wanaujua siku nyingi, na peji ya namna hiyo wanaweza kuihesabu kuwa haipo.

404 ya kweli ingenisaidia! Ningemwambia mzee peji imetolewa, tutafute kwingine. Badala yake nimechoma bando nikidhani nakosea herufi, na yeye kachoma nauli.

Halafu hicho kipeperushi. Hata bila ujanja, programu isingekiona, kwa sababu inaanzia ukurasa wa mbele na kufuata linki zilizomo ndani ya tovuti. Karatasi iliyobandikwa ofisi ya kijiji haiisomi. Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp haiuoni. Wa kuwaona wanaotokea huko ni ninyi, kwenye kumbukumbu za seva yenu, maana kila anayegonga anuani ya zamani anaacha alama pale. Kabla hamjaizima tovuti ya zamani, toeni orodha ya anuani zake zote, andikeni kila moja imehamia wapi, wekeni 301. Mwanafunzi wa fildi anaifanya huku anakunywa chai.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si ninyi peke yenu. Tim Berners-Lee, aliyeibuni wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anuani nzuri haibadiliki, na dunia ikamwitikia kwa adabu kisha ikaendelea na yake. Mwaka 2024 Pew Research Center walieleza kuwa asilimia 38 ya peji zilizokuwepo 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Nakubali pia kwamba programu hizi husingizia: seva nyingine ikiona roboti inajibu 403, yaani hairuhusiwi, ilhali binadamu anafungua bila shida, na mtandao ukizembea kidogo peji iliyo hai inatangaziwa msiba. Basi kagueni mara ya pili, zile za mashaka mfungue kwa mkono.

Fomu tuliipata, kwa taarifa yenu. Ilikuwa kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za peji za zamani ya Internet Archive, watu wa San Francisco ambao wameitunza fomu ya mfuga nyuki wa Sikonge kuliko wenye fomu.

Ombi langu ni dogo. Futeni ule mstari mmoja leo, kisha iwasheni programu yenu upya. Ripoti itakuja nyekundu tupu. Mkabidhini fundi, maana hiyo ndiyo kazi mliyomlipa.