Zege la Kwanza Linamwagwa Wapi?

Wiki iliyopita nilikaa Coco Beach, Dar es Salaam, na vijana wanne wa mwaka wa tatu. Wanasomea uhandisi ujenzi katika chuo ambacho sitakitaja, na wapo kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Mbele yetu daraja la Tanzanite, kilomita moja ya zege juu ya bahari mpaka upande wa hospitali ya Aga Khan. Nikawauliza: mmepewa mto wenye kina, maji yanakwenda kasi, mirunda haisimami chini. Zege la kwanza la sakafu ya daraja mnalimwaga wapi?

Kimya. Halafu yule mwenye alama nzuri kuliko wote akasema, "Tunaanzia ukingo huu, Injinia, tunakwenda mpaka ule."

Iliniuma. Kijana huyu ukimpa boriti anaikokotoa bila kuangalia daftari. Lakini hajui kwamba mahali kama hapo unaweza kuanzia katikati ya mto, juu ya nguzo. Unamwaga kipande cha kwanza kwenye kichwa cha nguzo, unafunga mikokoteni miwili ya chuma yenye fomu za kumwagia zege, mmoja kila upande, na kila mmoja unabeba kipande cha mita tatu, nne, tano. Zege likikomaa, nyaya za chuma zinavutwa kwa jeki, kipande kinabanwa kwenye mwili wa daraja, mkokoteni unasogea mbele. Kulia na kushoto huenda pamoja kama mizani, kwa sababu upande mmoja ukizidi, nguzo inaelemewa. Hivyo hivyo mpaka mkono wa nguzo hii unakaribiana na mkono wa nguzo ile, na kipande cha mwisho kinaziba pengo.

Sasa nenda ubaoni ukachore hayo. Utachora hatua gani uache ipi? Daraja lililofika nusu halibebi uzito wake kama lilivyo likiisha. Nguvu zinahama kila kipande kinapoongezwa, na hicho ndicho kipindi chake cha hatari. Tunawapa vijana mchoro wa daraja lililokamilika, kisha tunashangaa hawajui lilifikaje pale.

Lisbon, Ureno, waliliona hili miaka mingi iliyopita. Alcínia Zita Sampaio na wenzake wa Instituto Superior Técnico walitengeneza modeli za uhalisia pepe, yaani daraja la kompyuta unaloweza kulizunguka, za njia hii ya kuanzia juu ya nguzo, na pia za ile ya kumwaga sakafu ukingoni na kuisukuma kwa jeki, pua ya chuma ikitangulia. Mwanafunzi anaona kazi ikiendelea hatua kwa hatua, anasogea karibu na mkokoteni, anatazama kwa pembe anayotaka. Kompyuta ya kawaida ilitosha.

Nililisema hili kwenye kikao cha chuo kimoja hapa mjini. Mhadhiri mmoja akanijibu kwamba hiyo ni michezo ya watoto, wanafunzi wapelekwe saiti. Mimi nashinda saiti, na nasema saiti peke yake haitoshi. Ziara ni saa mbili katika kazi ya miaka. Aliyepelekwa kwenye ujenzi wa daraja la Kigamboni mwanzoni aliona nguzo zikitoka majini, aliyekwenda mwishoni akakuta nyaya zinazoshikilia sakafu kutoka minarani zimeshafungwa. Daraja likafunguliwa mwaka 2016, mita 680, na hakuna darasa lililoliona likikua lote.

Nakubali kwamba modeli ya kompyuta haimfundishi mtu mlio wa jeki iliyozidiwa, wala upepo wa juu ya nguzo. Umeme unakatika, hilo nalo kweli.

Ninachodai ni kifungu kimoja kwenye mikataba. Tanzanite, lililojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, lilianza kutumika mwaka 2022. Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya Ziwa Victoria, lilizinduliwa Juni 2025. Kazi kubwa hivyo huwa na ratiba ya kila kipande, na michoro ya kila hatua. Mkandarasi akabidhi modeli yenye tarehe zake kwa vyuo vyetu, kama anavyokabidhi funguo za ofisi ya saiti. Sisi ndio tunaolipa daraja. Kwa nini tubaki na zege tu, na ujuzi wa kulijenga upande ndege na mkandarasi? Mtoto wa Temeke ajifunze kwa daraja analopita na daladala, si kwa la Ureno.

Siku ile nilitoa chupa mbili za maji, nikazisimamisha mchangani, nikaweka daftari juu ya kila moja. Nikaongeza kalamu kulia, kalamu kushoto. Nilipoweka mbili upande mmoja, daftari likaanguka, na yule kijana akainuka kwa magoti akasema, "Kumbe!" Kisha akauliza la Kigamboni walianzia wapi, na hizo nyaya zilifungwa sakafu ikiwa imefika wapi. Nilimweleza kwa maneno. Sikuwa na kitu cha kumwonyesha.