Gundi Juu ya Sakiti: Tusimlaumu Fundi Haraka

Ukifungua Klon Centaur, pedali ya gitaa (kiboksi kinachobonyezwa kwa mguu kubadilisha sauti ya gitaa la umeme), aghalabu utakuta sakiti, yaani vipande vya umeme vilivyounganishwa, imezikwa chini ya bonge la gundi ya epoksi. Bill Finnegan, Mmarekani aliyeanza kuiuza mwaka 1994, aliimwaga makusudi ili asije mtu akanakili kazi yake. Mafundi wengine hufuta kwa msasa namba zilizoandikwa juu ya chipu. Wapiga gitaa wengi wakiona hivyo huwa na neno moja tu: uchoyo.

Lawama hizo zina msingi. Hakuna fundi wa pedali aliyeanza na karatasi tupu. Pedali ya Fuzz Face ya mwaka 1966 ina vipande 11 tu vinavyotengeneza sauti: transista 2, rezista 4, kapasita 3 na vitasa 2 vya kurekebishia, na vizazi vya mafundi vimejifunza kwa kuichora na kuiunda upya. Tube Screamer, pedali nyingine mashuhuri, nayo imezaa pedali zisizo na idadi. Aliyekula kwenye sahani ya wenzake, wanasema, ana haki gani ya kufunika ya kwake?

Ila wanaosema hivyo huizungumzia gundi kana kwamba fundi alikuwa na ulinzi mwingine akaukataa. Aende wapi? Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi peke yake, humlinda kwa miaka 20 tangu siku ya kuomba, lakini lazima aeleze uvumbuzi wake hadharani, alipe mawakili, na athibitishe kuwa ni kitu kipya, wakati kukata kilele cha mawimbi ya sauti kwa dayodi, jambo linaloipa pedali ya aina hii mkwaruzo wake, ni mbinu ya miaka mingi. Hakimiliki hulinda mchoro alioutia kwenye karatasi. Haimzuii mtu kuunda kifaa kinachofanya kazi ileile. Siri ya biashara ndiyo dhaifu kabisa. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba kufungua bidhaa uliyoinunua na kuchunguza ilivyoundwa ni njia halali ya kuijua siri yake, na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2016 ikarudia hayo. Hata Finnegan alipoishtaki kampuni ya Behringer mwaka 2024 kwa pedali iliyofanana na yake, ugomvi ulikuwa juu ya jina na mwonekano. Sakiti yenyewe haikuwa na mtetezi.

Na kinachoibwa si vipande, maana hivyo huuzwa kwa senti. Kinachoibwa ni muda. Fundi hubadilisha kapasita moja, anapiga, besi inajaa mno. Anaweka nyingine, sauti inakwaruza masikio. Anarudi nyuma, anabadilisha rezista iliyo jirani, na mambo yanaanza upya. Finnegan alitumia miaka kadhaa kwenye kazi hiyo, akisaidiwa na mhandisi. Mwigaji mwenye mita ya kupimia umeme na subira humaliza yake kwa siku chache, kisha anauza kwa bei ya chini kwa sababu hana gharama ya majaribio ya kurudisha.

Gundi haifichi milele, hilo kila mtu analijua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wapo walioinama: mwishoni mwa miaka ya 2000 mchoro wa Centaur ulikuwa umeshajulikana. Hata hivyo bei ya zile za asili haikuanguka. Zilizotumika huuzwa kwa maelfu ya dola. Wapinzani huutumia mfano huu kuonyesha kwamba siri haikuwa na kazi. Mimi nauona kinyume. Ilimpa fundi zaidi ya miaka kumi ya kujenga jina, na jina lilipokwisha kusimama, nakala hazikuweza kuliangusha. Fundi mchanga anayenakiliwa ndani ya miezi michache hana jina la kumshika mkono.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya matengenezo. Epoksi ikishaganda, kubadilisha kipande kilicho chini yake ni kuhatarisha bodi nzima. Lakini tazama kinachoharibika mara nyingi: swichi ya mguu, tundu la waya, kitasa kinachokoroma. Hivyo kwa kawaida huwa nje ya gundi. Shida halisi huja baada ya miongo, kapasita za elektroliti zinapokauka huku fundi ameshastaafu au amefariki. Hapo mnunuzi ana haki ya kununa, na fundi anayeficha alipaswa kumwachia mtu mchoro.

Wapo pia ambao siwezi kuwatetea: gundi inabanduliwa, na chini yake ni Tube Screamer yenye rezista mbili zilizobadilishwa, ikiuzwa kama uvumbuzi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize muuzaji pedali hii ikifa ataitengeneza nani, na inatofautianaje na zile za zamani. Fundi mwenye kazi yake hulijibu swali la pili bila kutaja thamani ya hata kapasita moja.